Duara Lenye Masikio ya Mbuzi

Nimerudi nyumbani kwa likizo, na siku ya tatu tu, kabla sijashiba hata ndizi za mama, hedimasta wa shule yangu ya zamani akanitumia mtoto na ujumbe: njoo, na uje na kalamu. Ukiwa mwanafunzi ukaitwa na hedimasta, hata kama si hedimasta wako tena, magoti yanakumbuka. Nikanawa utomvu wa ndizi mikononi, haukutoka, nikaenda hivyo hivyo.

Nilimkuta nje, ameegemea ukuta wa darasa la mawe, anasoma barua. Yeye ni mgeni, ametoka upande wa Kiogoro, hajamaliza miaka miwili kwenye mlima wetu. Akanisomea. Ofisi ya elimu sasa inataka watoto wafundishwe historia na mila za mahali pao wenyewe. Kila shule iandike kama karibu yake kuna mawe au mapango yenye alama za watu wa kale, zipate kutumiwa katika masomo. Na mkubwa mmoja wa ofisi hiyo atapita wiki ijayo kuziangalia.

"Nimeambiwa marehemu bibi yako ndiye alikuwa mwenye jiwe," akasema. "Hebu niambie, jiwe lenyewe liko wapi?"

"Umeliegemea, mwalimu."

Akaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Mimi nikacheka sana. Nina tabia hiyo mbaya, nikikasirika nacheka, na walimu wengi wamenichapa kwa kicheko ambacho ndani yake hamkuwa na furaha hata kidogo. Hasira hiyo haijanitoka mpaka leo ninapokuandikia. Kwa hiyo, rafiki yangu, ukikuta mahali nimemsema vibaya mtu mzima, jua alistahili, na kama hakustahili, basi avumilie, nami nimevumilia mengi.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la pili, mwaka ule wanaume waliokwenda kwenye vita vya wazungu walipokuwa wanarudi mmoja mmoja na makoti marefu ya kijeshi. Shule ilikuwa kibanda kimoja cha udongo na nyasi. Mvua ya alasiri ikija, ile yetu yenye mawe, mwalimu alikaa chini akangoja, maana hata angepiga tarumbeta hakuna ambaye angesikia. Saa nne asubuhi tulipewa uji wa wimbi kutoka chungu kimoja kikubwa, uji mweusi wenye uchachu wa kukunja jicho moja, na mwenye kibuyu kikubwa ndiye aliyekuwa na marafiki wengi. Mimi nilikuwa na kibuyu kidogo, lakini nilikuwa nawachekesha watu, kwa hiyo nilishiba.

Juu kidogo ya shule, kabla hujafika kwenye chemchemi, ndipo lilipokuwa jiwe. Usifikirie jiwe la kukalia. Lilikuwa limelala kwenye mteremko kama ng'ombe watatu waliobanana migongo, na juu yake pote palikuwa pamechorwa maduara ndani ya maduara, kama maji ya kisima ukitupa kokoto. Yalikuwa kumi na moja. Ukoga ulikuwa umeota ndani ya mistari, wa kijani na mwingine wa rangi ya kutu, na jua la asubuhi likipiga kwa ubavu uliona kila mstari umejaa kivuli.

Bibi, mama yake baba, alituambia kwamba waliochora hatuwajui. Watu wetu walipopanda kutoka bondeni walikuta kazi imekwisha na wenyewe wameondoka. "Ni kama kukuta nyumba tupu," alisema, "na mvua inakunyeshea. Utafanya nini? Unaingia." Basi wanawake wetu wa kwanza wakaingia. Kila boma likachukua duara lake, na kila mstari ukapewa jina la mama mmoja. Bibi arusi akiletwa, asubuhi ya kwanza mama mkwe wake alimpeleka pale, akamshika kidole cha shahada, akakitembeza kutoka mstari wa nje kuelekea ndani, akitaja jina, na baada ya jina jambo moja ambalo mama huyo alilifanya hapa duniani. Duara letu lilikuwa na mistari saba. Ukifika katikati, kwenye kishimo cha kutosha ncha ya kidole, umemfikia mwanamke wa kwanza wa boma letu kukanyaga mlima huu.

Mwalimu wetu wa wakati huo alikuwa kijana kutoka Nyamira, mwembamba, kaptura yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mboga. Alipopata habari za jiwe kwetu watoto, alikuja nyumbani jioni ile ile. Nilikuwa nachambua mboga za chinsaga, naona kila kitu. Akavua kofia, akakaa kwenye kigoda cha chini kabisa, magoti yakamfika masikioni.

"Magokoro," akamwambia bibi, ndivyo tunavyowaita bibi zetu, "nina watoto arobaini wanaojua majina ya wafalme wa Uingereza, na hawajui jina la mama wa bibi zao. Nisaidie."

"Utanipa nini?"

"Sina kitu, magokoro."

"Una shingo. Utaniletea maji."

Akaleta! Mwanamume mzima, mwalimu, na mtungi begani kila Jumanne jioni, mlima mzima unamcheka. Wanawake walimwuliza kama amekwisha pata mume. Yeye alicheka nao, akaendelea kupanda.

Basi kila Jumatano kabla ya uji tulikwenda kwenye jiwe. Bibi alikaa upande wa juu, miguu ameinyoosha, na mwalimu akachutama na sleti. Kila mtoto alitafuta duara la boma lake, akatembeza kidole. Kwa bibi tulijifunza njaa gani iliwafanya watu wale mizizi, ng'ombe walikufa wakati gani, nani alipatana na nani na kwa sababu gani. Mwalimu akageuza hayo kuwa hesabu, akayageuza kuwa insha, akatufanya twende kuwauliza wazee wa maboma mengine kama bibi amesema kweli, na mmoja akaja juu na fimbo kubishana naye. Walibishana mpaka uji wa siku ile ukapoa. Sijawahi kuona somo zuri kama lile tena, na sasa nasoma shule ya bweni yenye ramani za rangi ukutani.

Nami nilifanya nini na somo hilo zuri? Nililia kama mbuzi. Kila bibi alipokaribia katikati, sauti yake ikishuka kwa yale majina ya zamani sana, mimi nyuma ya wenzangu nilitoa "mmeee" moja ndefu, na darasa zima likaanguka.

"Huyo mbuzi nitamchinja," bibi alisema bila kugeuka.

"Amekonda, magokoro, hana nyama," nikajibu.

Naye akaziba mdomo kwa kitambaa, maana kwetu bibi na mjukuu wanaruhusiwa kutaniana mpaka mtu aumwe mbavu. Na kicheko chetu kilifunika yale majina matatu ya mwisho karibu kila Jumatano. Wakati huo niliona ni ushindi.

Siku moja nikamwuliza kwa uzito wote niliokuwa nao, "Na mimi mstari wangu uko wapi?"

"Wako hauko hapa. Wewe utaolewa. Utaukuta huko kwa watu wako."

"Na kama hawana jiwe?"

"Utakuwa na watoto."

"Na kaka?"

"Kaka yako ataleta mke. Huyo tutamweka."

Fikiria! Msichana fulani ambaye hatujamwona, pengine wakati huo alikuwa anajinyea huko Nyacheki, alikuwa na nafasi kwenye jiwe letu. Mimi niliyechota maji ya boma hilo, niliyefagia kinyesi cha ng'ombe wake, sina. Nikachukia mpaka nikashindwa kula. Ugali wa wimbi na maziwa ya kibuyu, na mimi nimeshindwa kula.

Baba alikuwa fundi wa mawe, akifanya kazi zaidi na misheni. Sauti ya utoto wangu ni nyundo yake, ta, ta, ta, halafu kimya anapopuliza vumbi. Niliiba tindo lake dogo na nyundo, na asubuhi tatu nilipokuwa nachunga mbuzi nilichonga duara langu pembeni chini, mahali ambapo bibi hafiki kwa sababu ya miguu yake. Mistari mitatu. Mikono ilinitoka malengelenge. Nilipomaliza nikaliangalia, nikaona limekaa vizuri mno, karibu nilie. Nami sipendi kulia. Nikaliongezea masikio mawili na ndevu. Halafu nikalifunika kwa matope.

Wiki ile ile mwalimu akaja na habari: inspekta wa shule, mzungu, anakuja. Mwalimu alikuwa amemwandikia barua juu ya jiwe, akiomba somo lile liandikwe kwenye ratiba na hata shule nyingine zijaribu. Alituambia mara mbili, macho yanang'aa: inspekta akikubali, jiwe litawekewa ua, hakuna atakayeligusa.

Sasa sikia kosa letu, maana hili ni letu sote na si la mzungu. Kwetu mgeni akija, nyumba inasiribwa upya. Utampokeaje mgeni mkubwa na kuta zenye moshi? Bibi akasema jiwe nalo lisafishwe, na mwalimu, ambaye alipaswa kuwa na akili, akakubali. Tulikwenda watoto wote arobaini na mchanga, majani makavu ya migomba na maji ya chemchemi. Tukasugua. Tuliimba. Tukatoa ukoga wote, ule wa kijani na ule wa kutu, tukachimbua kila mstari kwa vijiti mpaka chini, kisha tukajaza udongo mweupe ndani ili mgeni aone vizuri. Jioni jiwe liling'aa kama sahani. Uzee wake wote tulikuwa tumeumwaga mtoni.

Na matope yangu yakaoshwa pamoja nao.

"Nani amechora hili?" mwalimu akauliza. Alikuwa ameinama juu ya masikio ya mbuzi.

Watoto arobaini tukaangalia miguu yetu. Mmoja alitaka kucheka, nikamkanyaga.

"Kesho nitamweleza mgeni kwamba hili ni jipya," akasema taratibu. "Mengine nitayashughulikia baadaye."

Inspekta alifika saa tatu. Bibi alikuwa pale tangu jua linachomoza, amejipaka mafuta, amevaa shuka lake la kwendea harusi, kidole ameweka tayari kwenye mstari wa nje, kwa sababu alifikiri atamtembeza mzungu kama bibi arusi. Mzungu alimpita. Sikia vizuri: hakumtukana, hakumsukuma. Alimpita kama unavyopita kisiki, na buti yake ikakanyaga pindo la shuka. Akaenda moja kwa moja mpaka chini, kwenye mbuzi wangu.

"Hii nani nachora? Toto?"

"Hilo moja ndilo jipya, bwana," mwalimu akasema. "Haya mengine ni ya kale."

Mzungu akatoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua duara moja, halafu jingine. Udongo mweupe ukaanguka. Jiwe chini yake safi.

"Yote iko mupya. Yote iko safi. Wewe najuaje?"

"Tumeyasafisha kwa ajili yako, bwana. Muulize huyu mama. Atakueleza mstari kwa mstari."

Mzungu akaangalia saa yake.

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, bwana, mimi ndiye nimechonga lile, kwa tindo hili, angalia lilivyo na kingo kali, kisha angalia haya mengine, kingo zake zimelika kama sabuni. Hata mtoto wa miaka tisa angeeleweka. Lakini niliona fimbo ya mwalimu imelala kwenye nyasi, nikahesabu viboko, nikanyamaza. Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kunyamaza siku moja tangu nizaliwe.

Inspekta akacheka kidogo, akaandika kwenye daftari, akampiga mwalimu begani. "Toto nachunga mbuzi, nachora mbuzi. Wewe fundisha hesabu." Akaondoka. Bibi alikuwa bado ameweka kidole pale.

Barua ilikuja baada ya mavuno. Somo la jiwe likome. Mwalimu ahamishwe, akapelekwa mbali ambako hatukujua hata jina lake. Kofia yake aliisahau kwetu, na bibi akaitundika. Na kwa kuwa jiwe ni jiwe tu, na shule inahitaji darasa la kudumu, lipasuliwe litumike kujengea. Misheni ikamwita fundi wake. Fundi wake ni baba.

"Ni mawe tu, mama," baba alimwambia bibi jikoni. Hakumwangalia.

"Na wewe ni nyama tu. Lakini nilikupa jina."

"Nisipovunja mimi watamleta fundi wa Nyamache. Yeye hatakungoja."

"Na wewe utaningoja?"

"Nitakungoja umalize."

Akamngoja. Bibi alitembeza kidole maduara yote kumi na moja, hata ya maboma yasiyo yetu, asubuhi nzima, na baba amekaa na nyundo kubwa mapajani kama mtoto mchanga. Mvua ilipoanza kutishia, bibi akainuka, akapangusa kidole kwenye shuka, akashuka. Baba akawasha moto juu ya jiwe, moto mkubwa wa magogo, likaiva mpaka likawa jekundu kwenye nyufa, wakalimwagia maji ya chemchemi. Lilipasuka kwa mlio ambao ng'ombe wa ng'ambo ya bonde waliinua vichwa.

Jioni ile nilimwambia bibi. Nilitegemea anipige, na nilitaka sana anipige. Alikuwa anasaga wimbi, akaendelea kusaga mpaka akamaliza kilichokuwa kwenye jiwe la kusagia.

"Hukuniuliza," akasema. "Na yule mzungu naye hakuniuliza."

Basi. Akakung'uta unga. Miaka saba imepita, nimetukanwa na walimu wa kila aina, sijasikia neno lililonichoma kama hilo, kuwekwa kwenye kapu moja na yule mtu wa buti. Sijui kama ningemwuliza angenikubalia mstari. Sasa siwezi kujua. Hakulitaja jiwe tena, na majina hakuyataja tena, hata mama alipomwomba. Mwaka nilipokwenda shule ya bweni, akafa.

Darasa likajengwa. Nililimaliza darasa la nne humo, nimekaa katikati ya vipande vya historia yangu, nikikariri safari za manahodha wa kizungu. Maduara yote yalivunjika au yaligeuzwa kuelekea ndani ya ukuta. Moja tu limebaki zima, karibu na mlango, kwa kimo cha mtoto. Baba ndiye aliyeliweka hapo. Fundi anajua alama za tindo lake mwenyewe kama unavyojua mwandiko wa mama yako, lakini hajanitajia jambo hilo mpaka leo. Kama alitaka kuniadhibu au kunitunzia, sijui. Pengine yote mawili.

Na juu ya hilo ndipo hedimasta alipokuwa ameweka kiganja chake Jumanne hii aliponiita, uso umemng'aa.

"Basi limebaki moja! Tazama. La kale kabisa hili. Mgeni nitamwonyesha hili."

"Hilo ni langu, mwalimu. Nililichonga nikiwa na miaka tisa. Angalia masikio."

Akanitazama, kisha akatikisa kichwa. "Wewe msichana, nimeonywa juu ya mizaha yako. Hili si jambo la mchezo."

Nikamwapia. Nikamwelezea tindo, mbuzi, udongo mweupe. Alisikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayeweweseka kwa homa, halafu akanipa karatasi. "Andika majina ya bibi yako, yale ya mistari. Hayo ndiyo tunayahitaji."

Nikachutama, karatasi gotini, kalamu imeshikwa na utomvu wa ndizi. La kwanza nikaandika haraka, la bibi mwenyewe, aliyemfanya mwalimu abebe maji. La pili, aliyekataa kuuza ng'ombe wa mwisho. La tatu, aliyezaa mapacha akawaficha wote wawili ili mmoja asiuawe. La nne, aliyerudi bondeni peke yake kuleta mbegu. Kisha nikatafuta la tano. Nikafumba macho, nikaweka kidole hewani, nikakitembeza ndani, polepole, nikisikiliza sauti yake ikishuka. Niliisikia sauti. Niliisikia vizuri kabisa mpaka mstari wa nne, na baada ya hapo nikasikia darasa linacheka.

Hedimasta alikuwa anangoja. Nyuma yake kengele ilikuwa imelia, na watoto wa darasa la kwanza wamepanga foleni mlangoni kungojea uji, na kila aliyefika kwenye duara lile aliingiza kidole kwenye mstari wa nje, akakitembeza, mpaka ndani. Mistari yangu imelainika siku hizi, kingo zake zimelika kama sabuni. Ungeapa ni ya kale. Na kidole kilipofika katikati, kila mtoto, bila kukosa, aliinua kidevu akalia "mmeee", wenzake wakacheka, akaja mwingine.

Mimi ndiye niliyewafundisha waliowafundisha.